Kiyama Kisicho na Hesabu

Juma kabla ya lililopita, baada ya sala ya alasiri, walinijia vijana watano wa mtaani kwetu wakiwa na mswada wa sinema. Waliniamkia kwa adabu, wakakaa barazani, kisha mkubwa wao akanena neno lililonifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. "Ami," alisema, "twataka kutengeneza sinema ya Kiswahili ya dunia iliyokwisha. Mambo ya vita tumeyamaliza sisi wenyewe. Lililobaki ni mashairi, na hayo ni yako."

Niliusoma mswada ule usiku huo huo. Mombasa imekufa. Daraja la Nyali limekatika kati. Petroli imekwisha duniani kote isipokuwa tangi moja lililoko Shimanzi, na tangi hilo ndilo linalogombewa. Genge la wapanda pikipiki, wamevaa majaketi ya ngozi juu ya vifua vitupu, linawinda watu barabarani. Shujaa ni mtu mmoja asiyependa kusema, ana bunduki yenye risasi mbili, naye hana mwenzi ila mbwa. Yumo msichana mmoja, na kazi yake katika mchezo mzima ni kutekwa na kuokolewa. Watu wote waliosalia ama ni wauaji ama ni maiti.

Sitaki kuwacheka, kwani nami nilipokuwa na umri wao niliandika mashairi ya theluji bila ya kuiona theluji. Lakini jaketi la ngozi, Mombasa, mwezi wa Februari! Yule haramia atakufa kwa jasho kabla shujaa hajamlenga. Na huyo mbwa anayelala kifuani pa shujaa, nani atakayemweleza bibi yake shujaa?

Jambo lililonifanya nishike kalamu, wasomaji wapenzi, si jaketi wala mbwa. Ni kwamba kila uzi wa nguo ile niliujua ulikotoka. Vijana hawa hawakubuni dunia iliyokwisha. Waliirithi tayari imekwisha kushonwa, na walioishona ni watu wa nchi za mbali waliokuwa na hofu zao wenyewe, kwa sababu zao wenyewe. Nasi twaivaa bila kuuliza kama yatuenea.

Tuanze na pikipiki na petroli. Hayo yametoka Australia. Mwaka wa 1979 daktari mmoja wa Sydney, George Miller, aliyekuwa akitibu watu walioumia barabarani, alitoa sinema yake ya kwanza kubwa, "Mad Max". Mwenzake katika kuiandika, James McCausland, alikuwa mwandishi wa gazeti, naye alikuwa ameona jinsi watu wa nchi yake walivyogeuka walipokosa petroli wakati wa shida ya mafuta ya mwaka wa 1973. Alhasil, ile hofu ilikuwa ni ya kweli: nchi pana, miji iko mbalimbali, na mtu bila gari ni kama mvuvi bila ngalawa. Mwaka wa 1981 ikafuata ya pili, iliyopigwa karibu na mji wa Broken Hill, na hiyo ndiyo iliyotia mhuri. Nguo za ngozi, vipande vya chuma mabegani, magari yaliyoungwaungwa, shujaa anayekula chakula cha mbwa kutoka mkebeni, yote yalipatikana pale, nayo yameigwa na wengi tangu siku hiyo.

Nakumbuka niliiona kwa kanda ya vidio, sebuleni kwa jirani, tukiwa vijana zaidi ya 20 mbele ya televisheni moja. Tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatishia kuizima. Mwishoni lori la tangi linapinduka, na badala ya petroli yamwagika mchanga. Watu walikuwa wamemwaga damu barabara nzima kwa ajili ya mchanga, na petroli yenyewe ilikuwa imeshapita njia nyingine ndani ya mapipa. Nilirudi nyumbani nikimfikiria yule mtu aliyebuni mchanga ule kuliko nilivyomfikiria shujaa. Basi na nisiambiwe kwamba nazidharau sinema hizi. Zilizo nzuri ni nzuri kweli.

(Ingawa wasomaji wenye magari watakubaliana nami katika moja: petroli ikikaa muda mrefu huharibika. Hawa mabwana wanaokimbizana kwa magari miaka 20 baada ya viwanda vyote kufungwa, sijui wanakunywesha injini zao nini.)

Mji mtupu ni wa zamani zaidi. Mwaka wa 1959 Stanley Kramer alitoa "On the Beach", kutokana na kitabu cha Nevil Shute cha mwaka wa 1957. Vita vya atomiki vimeua nusu ya juu ya dunia, na watu wa Melbourne wanangoja sumu iwafikie kwa upepo. Hakuna genge wala bunduki. Watu wanakwenda kazini, wanapendana, wanapanga foleni ya dawa ya kujiua kana kwamba wanapanga foleni ya sukari. Redio imenasa ishara kutoka pwani ya Marekani, na nyambizi inakwenda mwendo mrefu kutafuta ni nani aliye hai anayegonga mtambo wa simu ya maandishi. Hapana mtu. Ni chupa ya Coca-Cola iliyonaswa na kamba ya pazia la dirishani, upepo ukipiga pazia lavuta chupa, na chupa yagonga mtambo. Sijui kama ipo katika sinema za namna hii picha inayomshinda ile chupa kwa kusema yaliyobaki ya dola kubwa.

Mwaka huo huo Harry Belafonte alitembea peke yake katika barabara tupu za New York, katika "The World, the Flesh and the Devil", mpaka akatokea mwanamke mmoja mzungu, kisha mwanamume mmoja mzungu. Na binadamu hawakutimia watatu ila ubaguzi wa rangi ulikuwa umeshafika kabla yao. Mwaka wa 1971 Charlton Heston alikuwa peke yake Los Angeles katika "The Omega Man", na mwaka wa 2007 Will Smith akawa peke yake New York katika "I Am Legend", na mbwa wake, akizungumza na sanamu za kuvalishia nguo dukani. Zote mbili zimetoka katika kitabu kimoja cha Richard Matheson cha mwaka wa 1954. Mwaka wa 2002 kijana mmoja aliamka hospitalini katika "28 Days Later", akavuka daraja la Westminster asione hata mtu mmoja. Tangu hapo wagonjwa wengi wameamka namna hiyo. Ndivyo desturi za fani zinavyokwenda. Nasi washairi tuna vina na mizani, hatuna haki ya kumlaumu mtu kwa kurudia umbo lililomfaa aliyemtangulia.

Ama ninalolilaumu ni jingine, nalo ndilo kiini cha maneno yangu.

Takriban zote hizi zimekubaliana juu ya sharti moja ambalo halisemwi: kwamba taa zikizimika, siku ya tatu jirani atakuja kukuua kwa ajili ya mkebe wa maharagwe. Sheria ni ngozi nyembamba, na chini yake mna fisi. Mwenye kuamini mtu hufa mapema. Mwenye kushuku ndiye anayefika mwisho wa sinema. Hili hurudiwa mara nyingi hata mtazamaji husahau kwamba ni desturi ya fani kama vile jaketi, akalichukua kuwa ni elimu. Wale vijana watano ni watoto wema. Mmoja wao ndiye anayemshika mkono mzee kipofu wa mtaani kwetu kila alfajiri hadi msikitini. Lakini walipokaa kuandika, hawakuweza kumfikiria mtu hata mmoja katika Mombasa yote atakayemgawia mwenziwe maji.

Nawauliza walioishi Mji wa Kale mwaka wa 2020: tulikwishaionja dunia hii au hatukuionja? Mwezi wa Machi misikiti ilifungwa. Mwezi wa Mei, nasi tumo katika Ramadhani, Serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa ajili ya ule ugonjwa. Barabara zilikuwa tupu kama pazia la sinema. Adhana ikiadhiniwa, lakini safu hazikuwapo. Wagonjwa walichukuliwa na watu waliovaa mavazi meupe kuanzia utosini hadi nyayoni, na watoto wakichungulia kwa madirishani. Lau angalikuwapo mwongozaji wa sinema asingalihitaji kujenga kitu.

Yaliyotokea ni haya, kwa niliyoyaona mimi. Mwenye duka mmoja alipandisha bei ya ndimu na tangawizi, maana watu waliziamini kuwa ni dawa. Wawili watatu walijaza sukari ndani. Kulikuwa na uvumi, na kulikuwa na watu waliomwepuka mgonjwa hata baada ya kupona, na hilo liliuma. Lakini kila magharibi sahani zilipita mlango hadi mlango, za viazi vya nazi, za tambi, za mahamri na mbaazi, zimefunikwa kawa, zikiwekwa kizingitini na mwenye kuzileta akirudi nyuma hatua kadha ndipo abishe. Mimi nisiyekuwa na ukwasi nilikula vyakula vya nyumba sita nisizowahi kuingia. Hakuna aliyemuua mtu kwa ajili ya mkebe.

Naijua hoja itakayoletwa dhidi yangu, tena ni hoja nzito. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliniambia: hayo ni ya ugonjwa, Serikali ilikuwapo, tazama palipokuwa hapana Serikali. Aliitaja Mogadishu ya mwaka wa 1991. Kweli. Nilikuwa kijana walipofika wakimbizi wa Kisomali hapa Mombasa kwa mashua, na waliyoyasimulia, ya vijana juu ya magari yaliyofungwa bunduki kubwa nyuma, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilikuwa nimeshayaona kwenye kanda ya vidio. Sitasema kwamba sinema zile zimesema uongo mtupu. Fisi yupo.

Lakini nilikwenda kambini Utange, na niliyoyaona huko sijayaona katika sinema hata moja. Niliwaona ajuza waliobebwa na wajukuu njia nzima. Niliwaona watu waliopoteza nyumba na mali wakikaa chini kwanza kuulizana nasaba, fulani bin fulani, mpaka wapate mahali wanapokutana, na wakishakutana ni ndugu. Na nilisikia watoto chini ya turubali wakisoma Kurani kwa sauti moja, mwalimu na ubao, siku chache baada ya kufika. Dunia yao ilikuwa imekwisha, na chuo kimefunguliwa. Sinema hizi aghalabu hazina wazee. Shujaa hana mama, hana shangazi, hana mtu wa kumwuliza alikula nini. Waandishi wameondoa jamaa kwanza, kisha wanatuonyesha kwamba mtu hana jamaa.

Kinyume cha hayo, ile iliyo nyeusi kuliko zote imeungama yenyewe. "The Road" ya mwaka wa 2009, iliyotokana na kitabu cha Cormac McCarthy, ni baba na mwana wanaosukuma toroli la dukani katika nchi iliyoungua. Bastola yao ina risasi mbili tu, na hapo nilijua risasi mbili za vijana wangu zimetoka wapi. Wamo wala watu. Baba hamwamini kiumbe, na mara nyingi ana haki. Mahali pamoja anampa mwanawe mkebe wa Coca-Cola, pengine wa mwisho duniani, na mtoto ataka wanywe pamoja. Nikaikumbuka ile chupa ya mwaka wa 1959. Lakini baba anapokufa, anajitokeza mtu na mkewe na watoto wao, na mama yule anamwambia mtoto kwamba walikuwa wakiwafuata nyuma muda wote, wana wasiwasi naye. Wasomaji, lifikirini hilo. Jamaa ya kheri ilikuwa nyuma yao, na baba alikuwa akiikimbia. Sijui kama mwongozaji, John Hillcoat, alikusudia niumie hapo, lakini niliumia.

Sasa tuje kwenye neno. Vijana wetu huziita "sinema za baada ya kiyama", nami kila nikilisikia hushtuka, kwa kuwa baada ya Kiyama hapana pikipiki. Tulivyofunzwa sisi, Kiyama ni siku ya kusimama. Baragumu litapulizwa, makaburi yatafunuka, na kila nafsi itasimamishwa mbele ya Mola wake ihesabiwe yote iliyoyatenda, chembe kwa chembe. Hata zile alama kubwa, kutoka kwa Dajjali, Yaajuju na Maajuju, jua kuchomoza magharibi, hazina maana yoyote ila kwa sababu ya hesabu inayofuata. Katika sinema hizi hesabu imeondolewa. Pamebaki moshi, mifupa na njaa, lakini hapana anayeulizwa. Aliyebonyeza kile kitufe cha atomiki alikwisha kufa kitandani kabla ya sinema kuanza. Yule mla watu hatimaye hupigwa risasi, lakini risasi si hukumu. Ni kiyama kisicho na hesabu, na kwa Mwislamu kitu hicho si cha kuogofya tu, bali hakina kichwa wala miguu.

Na ajabu ni hii. Lile neno la Kigiriki walilolifanya jina la fani yao, apokalupsis, halina maana ya maangamizi hata kidogo. Maana yake ni kufunua, kuondoa kifuniko. Sasa mtu wa Lamu au Mvita akisikia "kufunuliwa" hukumbuka nini? Al-Inkishafi! Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi ule yapata miaka 200 iliyopita, na jina lake kwa Kiarabu ni neno lile lile moja: kufunuka. Alitazama Pate iliyoanguka, majumba yaliyokuwa na taa na zulia na vicheko, sasa yana popo na magugu, akaugeukia moyo wake mwenyewe akauuliza unangoja nini. Akawauliza mabwana wa Pate wako wapi. Huo, kwa maoni yangu, ndio utungo wetu wa dunia iliyokwisha, na ulitungwa kabla sinema haijazaliwa. Hamna genge ndani yake. Fisi anayetafutwa yumo kifuani mwa mshairi.

Wala si Pate peke yake. Nendeni Gedi, karibu na Watamu, mji uliohamwa katika karne ya 17 na usirudiwe. Msikiti mkubwa uko pale na mihirabu yake, visima viko, jumba la mfalme liko, na mibuyu na mizizi imeshikilia kuta kama mkono ulioshika mkono. Vijana wanatafuta mji mtupu kwenye kanda za New York, na mji mtupu uko mwendo wa matatu kutoka Malindi. Charlton Heston alihitaji kufika mwisho wa "Planet of the Apes", mwaka wa 1968, ndipo alipoiona Sanamu ya Uhuru imezama mchangani, akajua kwamba alikuwa nyumbani muda wote. Mtoto wa pwani huliona hilo akienda matembezi ya shule, pamoja na nyani wenyewe, tena hai na wezi wa ndizi.

Ipo desturi moja ya sinema hizi ninayoipenda, na ningependa vijana waikamate kwa mikono miwili. Nayo ni swali la nini kitabebwa. Dunia ikiungua, mtu atoke na nini? Katika "Fahrenheit 451", aliyoitengeneza François Truffaut mwaka wa 1966 kutokana na kitabu cha Ray Bradbury, vitabu vyachomwa kwa amri ya Serikali, na watu wamekimbilia msituni, kila mmoja amehifadhi kitabu kimoja kifuani, wanatembea huku wakikisoma kwa ghibu chini ya theluji. Na katika "The Book of Eli" ya mwaka wa 2010, Denzel Washington anatembea kuelekea magharibi miaka 30 baada ya vita, amebeba Biblia ya mwisho. Adui yake anaitaka ili atawale watu kwayo, na mwishowe anaipata. Kuifungua, imeandikwa kwa maandishi ya vipofu, haimfai kitu. Lakini mwenyewe Eli amekwisha kuihifadhi yote, anamsomea mwandishi neno kwa neno, na Biblia yapigwa chapa upya. Kisha yawekwa rafuni, na kando yake iko Kurani.

Watazamaji wa Ulaya na Marekani waliliona hilo kuwa ni mwisho wa kushangaza. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa tangu katikati. Hafidhi! Yule bwana ni hafidhi, basi, na kwetu kila mtaa una wake. Vichomwe vitabu vyote vya dunia leo usiku, kesho asubuhi Kurani yaandikwa tena kutoka vifuani mwa watoto wa miaka 12, pasipokosekana hata irabu. Mimi mwenyewe sikufika mbali, juzuu tano na fimbo nyingi, lakini zile juzuu tano hakuna wa kuninyang'anya. Hili ni jambo ambalo waandishi wa sinema wa ng'ambo wanalifikiria kama ndoto, nasi tunalo kila siku baada ya magharibi, wala hapana aliyelitia katika sinema ya Kiswahili.

Na upande wa pili wa jambo hilo hilo ndio unaonitisha. Mwaka wa 1984 televisheni ya BBC ilionyesha "Threads", habari ya bomu la atomiki juu ya mji wa Sheffield. Wamarekani walikuwa wametangulia mwaka mmoja na "The Day After", iliyotazamwa na watu zaidi ya milioni 100, na Rais Reagan aliandika katika shajara yake kwamba ilimhuzunisha sana. Lakini ile ya Waingereza ni kali zaidi. Maiti na moshi nilivistahimili. Nilichoshindwa nacho ni miaka baadaye, watoto waliozaliwa baada ya vita. Hawajui kusema. Wana maneno machache, yamekatikakatika, kama mtu anayetupa mawe. Hapana aliyewaimbia. Sinema inasema hilo bila kulieleza, na kwa mtu ambaye kazi yake ni lugha, hicho ndicho kifo chenyewe.

Nikaurudia mswada wa vijana nikahesabu maneno ya shujaa wao. Katika sinema nzima alikuwa na sentensi 11, na nne kati yake zilikuwa ni "Twende!" Wameiga ukimya wa Max, nami naelewa, ukimya wapendeza kwenye pazia. Lakini Mvita mtu akifikwa na msiba hanyamazi. Atasema, atalia kwa maneno yenye mizani, atamlaani adui kwa mafumbo, na adui akiwa Mswahili atajibu.

Mkenya mwenzetu amekwisha kuonyesha kwamba yawezekana kuiacha njia ya pikipiki. Wanuri Kahiu alitengeneza "Pumzi" mwaka wa 2009, sinema ya dakika 20 na kitu. Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji, vilipita miaka 35 nyuma, na watu wanaishi ndani, wakisafisha na kuyanywa tena maji ya miili yao. Mwanamke aitwaye Asha anapata mchanga ambao bado una uhai, anaotesha mbegu ndani yake, anatoroka nje jangwani kwenda kuupanda mche, anaupa maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha analala akiufunika kivuli kwa mwili wake. Hapana risasi. Nilipoiona nilikumbuka jambo tulilofunzwa chuoni, kwamba Mtume (S.A.W.) alisema Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Sidhani kwamba Bi Kahiu alikuwa na hadithi hiyo mbele yake. Nina lawama moja tu, kwamba kwa jina lake zuri la Kiswahili sinema ile imesema Kiingereza.

Haya yote niliwaambia vijana walipokuja tena, kwa maneno mengi zaidi, nikawapa na chai. Sikuwaambia waache. Niliwaambia dunia yao iwe na bibi mmoja, kisima kimoja na mtoto mmoja mwenye juzuu kadha kifuani. Na mwovu wao asipigwe risasi upesi, akalishwe kitako kwanza aulizwe maswali mbele ya watu. Nikawaambia na yule msichana apewe kazi. Mkubwa wao alikuna kichwa, akasema, "Ami, sasa hiyo si sinema ya vita tena." Mdogo wao, yule anayemshika mkono kipofu, hakusema kitu, lakini alikuwa akiandika.

Jana wameniletea mswada wa pili. Kisima kimo, nacho kiko Gedi. Bibi yumo, na ana ulimi mkali, nadhani namjua aliyeigwa. Msichana ndiye anayejua njia ya kufika kisimani. Majaketi yameondolewa, wamevaa vikoi. Shujaa sasa ana sentensi 40. Pikipiki mbili zimebaki, kwa kuwa mwenyewe ni mjomba wa mmoja wao na amekwisha kuziahidi, na mbwa bado yumo, ila amehamishwa kulala nje. Wanataka mashairi kabla ya mwisho wa mwezi.